Maswali ya Wasomaji: Ukiita gari la wagonjwa, nini hutokea upande wa pili wa simu?

Barua za safari hii zimeelemea jambo moja, nalo ni simu ya dharura na mtu anayeipokea. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu nimeifanya mezani, katika chumba cha kupokelea simu na kuongozea magari ya wagonjwa hapa Dar es Salaam. Kwa hiyo nitajibu kwa kirefu pale ambapo swali linadai urefu, na kwa ufupi pale ambapo jibu ni fupi.

Shikamoo Sista. Baba yangu alianguka bafuni, akawa hajitambui. Nilipiga simu kwenye huduma moja ya magari ya wagonjwa, na badala ya kuniambia kwamba gari limeondoka, dada aliyepokea akaanza kuniuliza: anapumua, ana umri gani, amelala vipi. Nilimkatia simu kwa hasira, tukamkimbiza baba hospitali kwa bajaji. Namshukuru Mungu mzee anaendelea vizuri, lakini swali limebaki moyoni: mtu yuko hatarini, maswali ya nini?
*Msomaji wa Mbagala Kizuiani*

Marahaba mwanangu, na pole kwa yaliyomkuta mzee. Katika kituo kilichopangwa vizuri, maswali hayalicheleweshi gari. Kazi hugawanywa kwa watu wawili, mmoja anapokea simu na mwingine anaongoza magari. Mpokeaji akishapata mahali ulipo na namba yako ya simu, na akisikia kwamba mgonjwa hajitambui, maandishi yake yanaonekana papo hapo kwenye kompyuta ya mwenzake, au katika vituo vidogo anampasia karatasi, na gari linaondoka huku wewe ukiwa bado unaulizwa. Yale unayojibu baadaye huwafuata wahudumu njiani kwa redio. Pale ambapo mtu mmoja anafanya kazi zote mbili, anapaswa kukuambia waziwazi: "Gari nimeshalituma, usikate simu, kuna mambo tutayafanya pamoja." Kama hukuambiwa hivyo, hasira yako ilikuwa na sababu, na ninawaomba wenzangu wa kazi hii wanaosoma hapa waiseme sentensi hiyo katika kila simu, kwa sababu aliye na mgonjwa mikononi hana namna ya kujua kinachoendelea chumbani kwetu.

Maswali yenyewe hayakutungwa ovyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 daktari mmoja wa Salt Lake City nchini Marekani, Jeff Clawson, aliandaa kadi za maswali kwa ajili ya wapokea simu za dharura, kila kadi na tatizo lake: maumivu ya kifua, kuungua, kuanguka, uchungu wa uzazi na mengineyo. Mpokea simu asiye na utaratibu kama huo huandika anwani tu na kutuma gari lililo karibu, king'ora kikilia, hata kama aliyeita ameteguka kifundo cha mguu. Dakika chache baadaye mtu aliyepaliwa na nyama mtaa wa pili anakosa gari. Kadi hizo siku hizi zimekuwa programu za kompyuta zinazotumika katika nchi nyingi. Zinaamua nani atangulie, na wakati huohuo zinampa mpokea simu maneno ya kumwelekeza aliye karibu na mgonjwa.

Swali la kupumua ndilo zito kuliko yote. Moyo unaposimama ghafla, wagonjwa wengi huendelea kwa dakika chache kuvuta pumzi mojamoja, nzito, za kukoroma, zilizoachana kwa mbali, na ndugu walio karibu husema kwa nia njema kabisa kwamba anapumua. Huko si kupumua. Ndiyo maana mpokea simu mzoefu huuliza kama anapumua *kawaida*, na akiona jibu lina mashaka humwambia mpigaji: "Mtazame kifua. Kila kikipanda, niambie sasa." Akisikia "sasa", kisha kimya kirefu, kisha "sasa" nyingine, anaacha kuuliza na kuanza kuelekeza:

"Mtoeni kitandani, mlazeni chali sakafuni. Piga magoti ubavuni kwake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, mkono wa pili juu yake, nyoosha viwiko. Sukuma chini kwa nguvu, kisha acha kifua kirudi. Weka simu kwenye spika, tuhesabu wote: moja, mbili, tatu, nne..."

Kwa mtu mzima kifua kinatakiwa kushuka sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika, na mpokea simu anaendelea kuhesabu nawe mpaka wahudumu waingie mlangoni. Ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika chache tu, nne au sita hivi, na hakuna gari litakalotoka Temeke likafika Mbagala kwa dakika hizo, hata usiku wa manane barabara ikiwa tupu. Ndani ya muda huo tiba pekee iliyopo ni mikono yako na sauti iliyo sikioni mwako. Kwa mgonjwa aliyezimia lakini anapumua vizuri maelekezo ni mengine: alazwe ubavu, kichwa kiinuliwe kidogo kwa nyuma, mdomo uelekee chini ili matapishi yasimzibe. Nalisema hili pia kwa sababu ya bajaji. Mtu asiyejitambua akiketishwa kwenye kiti, kichwa kikainamia kifuani, njia ya hewa hubanwa. Ikibidi kumsafirisha kwa chombo kilichopo, na katika jiji letu mara nyingine inabidi, atafutiwe gari ambalo anaweza kulazwa.

Sista, mimi nakaa Goba, ndani kabisa, njia ya gari inapita kwa taabu. Nikipiga simu, hawaoni kwenye mitambo yao mahali nilipo? Na kama hawaoni, nijielezeje?
*Mama wa watoto watatu, Goba*

Hawaoni, mama, au tuseme wasitegemewe kuona. Simu yako huongea na mnara, na mnara unaweza kueleza eneo unalolihudumia tu, ambalo linaweza kuwa na maelfu ya nyumba. Katika nchi kadhaa za Ulaya simu ya kisasa hutuma yenyewe mahali ilipo mara mtu anapopiga namba ya dharura. Hapa kwetu mpokea simu anategemea mdomo wako, pamoja na lokesheni utakayomtumia kama kituo chake kina namba ya kuipokea.

Tangu kazi ya anwani za makazi ifanyike nchini mwaka 2022, nyumba nyingi zina namba na barabara nyingi za mitaani zina majina, na kuna programu ya simu iitwayo NaPA inayoonyesha anwani hizo. Tafuta anwani ya nyumba yako leo, uiandike kwa herufi kubwa na kuibandika ukutani ambapo hata mgeni au dada wa kazi ataisoma, kwa kuwa siku ya dharura mwenye nyumba anaweza kuwa ndiye mgonjwa.

Unapojieleza, anza na kikubwa uende kwenye kidogo: wilaya, kata, mtaa, barabara, namba ya nyumba, kisha alama. Majina ya jiji hili yanapoteza magari. Mtu akisema "niko Mbezi" na kunyamaza, kuna Mbezi Beach na kuna Mbezi Luis, na kati ya hizo mbili ni safari nzima. Mtongani ipo ya Kunduchi na ipo ya Mtoni, moja kaskazini mwa jiji na nyingine kusini. Mpokea simu makini harudishi tu jina ulilomtajia; anakuuliza ni kwa kupitia barabara gani, Bagamoyo au Morogoro, na jibu hilo huondoa utata wote.

Alama iwe ya kudumu na isiyofanana na nyingine: msikiti kwa jina lake, kanisa, shule, zahanati, kituo cha daladala, ofisi ya serikali ya mtaa. "Pale dukani kwa Mangi" haisaidii, kwa sababu kila mtaa una Mangi wake. Halafu mtume mtu barabarani. Usiku awe na tochi au simu inayowaka, na asimame pale gari linapoacha barabara kubwa, si getini kwako. Njia bora zaidi niliyoiona ni ya bodaboda wa kijiweni kulisubiri gari barabara kubwa na kulitangulia hadi mlangoni, kwa sababu anajua ni uchochoro gani unapitika na upi umechimbwa mtaro juzi. Na wakati wa masika mwambie mpokea simu hali ya njia bila kungoja kuulizwa. Jangwani maji yakijaa, Barabara ya Morogoro hufungwa pale, na anayeongoza magari inabidi achague gari la upande mwingine kabisa wa jiji.

Namba ya kupiga ni ipi hasa? Kila mtu ana yake.
*Mzee wa Ilala*

Shikamoo mzee wangu. Polisi ni 112, na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114, hawa wa pili wakiwa ndio wa kuitwa pia mtu anapobanwa ndani ya gari lililogongwa. Namba 115 ni ya bure na inatumiwa na mpango wa m-mama kwa ajili ya wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Mpango huo ulianzia Kanda ya Ziwa, na kuanzia mwaka 2022 ukaanza kupelekwa nchi nzima. Ambapo gari la wagonjwa halipatikani, kituo chake humwita dereva wa kawaida wa eneo husika aliyesajiliwa mapema, naye hulipwa kwa simu. Kwa dharura nyingine watu wa Dar es Salaam hutegemea zaidi magari ya hospitali na ya huduma binafsi, kwa hiyo ihifadhi kwenye simu namba ya hospitali iliyo karibu nawe, uipige siku ya amani ili ujue kama inapokelewa usiku.

Kuwa na namba moja tu iliyotengwa kwa dharura ni jambo lenye historia. Uingereza ilianzisha 999 mjini London mwaka 1937, baada ya moto wa mwaka 1935 katika mtaa wa Wimpole ulioua wanawake watano, ambapo jirani aliyejaribu kupiga simu aliwekwa kwenye foleni ya opereta pamoja na wapiga simu wa kawaida. Natamani sana kuiona siku ambayo mkazi wa jiji hili atakuwa na namba moja kwa kila ugonjwa na kila ajali, na aliyeipokea awe na uwezo wa kutuma gari lililo karibu bila kujali ni la nani.

Mimi ni fundi wa TEHAMA katika kituo cha afya huku Kigamboni. Tumepata gari la pili la wagonjwa, na uongozi unasema simu za mkononi na kundi la WhatsApp vinatosha kuongozea magari. Mimi nilipendekeza redio za upepo nikaambiwa ni mambo ya kizamani. Sista unasemaje?
*Kijana wa Kigamboni*

Nasema umependekeza vema, na nitakupa hoja za kuwapelekea.

Kwanza, simu huunganisha watu wawili, wakati redio inaunganisha wote. Kituo kinapoita gari la pili kwenda Kibada, gari la kwanza linasikia na kujua kwamba limebaki peke yake upande huu wa bahari. Muuguzi wa zamu anasikia na kuanza kuandaa kitanda. Dereva anabonyeza kitufe kimoja, hapapasi skrini huku anaendesha. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kukaa bila kusomwa, na dereva anayesoma ujumbe barabarani ni ajali nyingine inayonyemelea. Litumieni kundi hilo kwa kutuma lokesheni, kwa kuwa hapo halina mshindani, lakini amri ya kuondoka itoke kwa sauti na ijibiwe kwa sauti.

Pili, simu za mkononi hulemewa siku ileile zinapohitajika zaidi. Mabomu yalipolipuka kwenye treni na basi mjini London tarehe 7 Julai 2005, mitandao ya simu ilijaa, na uchunguzi wa baadaye uliikosoa huduma ya magari ya wagonjwa ya jiji hilo kwa kuwa maofisa wake walitegemea mno simu za mkononi. Kwetu haihitaji bomu. Umeme ukikatika eneo kubwa au watu wakifurika mahali pamoja, mnara unaelemewa.

Kuhusu ufundi, mawimbi ya VHF, yanayotumiwa na redio za namna hii, husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo urefu wa antena ni muhimu kuliko nguvu ya redio. Antena ya kituo iwekeni juu kadiri inavyowezekana, kisha endesheni gari mtaa kwa mtaa na kuchora ramani ya mahali sauti inapokatika, mkianza na safari ya kuvuka Daraja la Nyerere kwenda hospitali za mjini, ambapo majengo marefu ya Posta na Kariakoo hukata mawimbi. Ikionekana sehemu kubwa haisikiki, mtahitaji mtambo wa kurudia mawimbi ulio juu ya mnara au jengo refu. Masafa yanatolewa kwa leseni na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA), hivyo anzeni huko kabla ya kununua chochote. Betri za akiba na umeme wa dharura wa chumba cha redio visisahaulike.

Lakini redio bila nidhamu ya kuongea ni kelele. Kanuni ni moja: aliyeagizwa hurudia alichoagizwa, na aliyeagiza husikiliza kama kimerudiwa sawasawa. Iwe hivi:

"Gari la pili, gari la pili, hapa Kituo."
"Kituo, gari la pili, nakusikia."
"Nenda Kibada, kituo cha daladala, atakupokea bodaboda. Mama mjamzito, anatokwa damu."
"Kibada, kituo cha daladala, bodaboda. Mjamzito, anatokwa damu. Naondoka."
"Sawasawa. Saa kumi na nne na dakika ishirini."

Umeona hiyo saa. Kwenye daftari na kwenye redio tumieni saa ishirini na nne, kwa sababu "saa nane" yetu inaweza kuwa ya mchana au ya usiku, na mwingine akaisoma kama asubuhi kwa mtindo wa Kizungu. Dawa iliyotolewa "saa mbili" imewahi kuzua ubishi mrefu mapokezi kuliko ugonjwa wenyewe. Andikeni nyakati tano za kila safari: simu kuingia, gari kuondoka, kufika kwa mgonjwa, kuondoka naye, kufika hospitali. Baada ya miezi michache daftari hilo litawaonyesha dakika zinapotelea wapi, na mara nyingi zinapotelea kabla gari halijawashwa. Majina yenye utata yatamkwe kwa herufi, T ya Tanga, D ya Dodoma, M ya Mwanza. Jina la mgonjwa lisitajwe hewani kamwe, kwani redio ya kawaida inaweza kusikilizwa na yeyote mwenye kifaa.

Na siku mtakapopata programu ya kompyuta ya kuongozea magari, msiitupe kalamu. Tarehe 26 Oktoba 1992 huduma ya magari ya wagonjwa ya London ilihamia kwenye mfumo wa kompyuta kwa mkupuo, bila kuujaribu vya kutosha. Mfumo ukapoteza hesabu ya magari yalipo, ukatuma magari mawili kwa mgonjwa mmoja na kumwacha mwingine, maonyo yakajaa kwenye skrini hadi yasisomeke, na watu waliokuwa wanasubiri wakapiga tena na tena, simu zao zikazidi kuuelemea. Tarehe 4 Novemba ukasimama kabisa, wakarudi kwenye karatasi. Kila mpokea simu wenu awe na fomu za karatasi mezani, na mara moja kwa mwezi zimeni kompyuta kwa makusudi mfanye kazi kwa fomu hizo.

Shemeji yangu alipata ajali ya pikipiki maeneo ya Ubungo, akaumia kichwa. Wahudumu walizipita hospitali mbili wakampeleka Muhimbili. Je, hawakuhatarisha maisha yake?
*Msomaji wa Sinza*

Inategemea alikuwa katika hali gani, ndugu yangu, na mimi sikuwapo. Kanuni ni kwamba mgonjwa anayeshindwa kupumua au anayetokwa damu isiyozuilika hupelekwa penye msaada wa karibu zaidi ili atulizwe kwanza. Aliyetulia kiasi lakini ana jeraha la kichwa anahitaji picha ya ubongo na daktari wa upasuaji wa ubongo, na Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) ndiyo yenye madaktari hao. Kumshusha hospitali isiyo na huduma hiyo ni kumwanzishia safari ya pili, tena yenye barua ya rufaa na kusubiri gari upya.

La kuuliza ni kama kituo kiliipigia hospitali kabla gari halijafika. Taarifa hiyo haizidi nusu dakika: umri, saa ya ajali, namna ilivyotokea, majeraha yaliyoonekana, mapigo ya moyo, presha na kiwango cha fahamu, alichopewa, na dakika zilizobaki kufika. Muhimbili ilifungua idara kamili ya tiba ya dharura mwaka 2010, na idara ya namna hiyo ikiarifiwa mapema humpokea mgonjwa mlangoni timu ikiwa tayari. Kwa kiharusi huongezwa swali moja ambalo ndugu tu ndio wanaolijua: mara ya mwisho alionekana mzima saa ngapi? Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, na saa hiyo isipojulikana, hospitali yenye dawa inaweza kushindwa kumpa.

Mwanangu ana miaka minane. Naweza kumfundisha kupiga simu ya dharura, au atakuwa anachezea?
*Baba wa Tabata*

Mfundishe. Mtoto wa miaka minane anajibu maswali vizuri kuliko watu wazima wengi, kwa sababu anajibu alichoulizwa tu. Ajue jina lake kamili, la mzazi, mtaa wenu na alama iliyo karibu, na ajue kwamba asikate simu mpaka aambiwe. Kuhusu kuchezea, mweleze kwamba ukiita gari bila mgonjwa, mgonjwa wa kweli analikosa. Watoto wanalielewa hilo upesi. Fanyeni mazoezi wewe ukiwa mpokea simu na yeye mpigaji, bila kupiga kweli. Mwonyeshe pia kwamba simu nyingi zina kitufe cha dharura kwenye skrini iliyofungwa, kinachofanya kazi bila namba ya siri, kwa maana siku akikihitaji, wewe hutaweza kumtajia namba hiyo.